Walezi wa Msasa

Harufu ya chuma kilicholowa maji ya sabuni haijawahi kunitoka puani. Wengine wakikumbuka utoto wao huku Rungwe husimulia harufu ya majani ya chai, au moshi wa kuni mbichi za mkaratusi tunaouita mlingoti, au udongo mweusi baada ya mvua, na kwetu mvua haina likizo. Mimi hukumbuka chuma. Kilinuka kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu kiganjani, na juu yake ikapanda harufu ya sabuni ya mche, ambayo Mama aliikwangua kwa ukucha na kuikoroga kwenye bakuli la bati lililobanduka rangi. Hata leo, nikiisikia harufu hiyo nikiwa nimesimama katikati ya mji wa Tukuyu na pikipiki zinapiga kelele pande zote, narudi barazani kwetu Kawetele, wakati wa masika, nina miaka kumi na mmoja, na ukungu umekalia migomba kiasi kwamba nyumba ya jirani haionekani ila jogoo wake anasikika.

Baba yangu alifua visu. Alivifua kwa springi kuukuu za malori, kwenye banda lililokuwa nyuma ya nyumba, na mlio wa nyundo yake ndio uliotuamsha badala ya saa. Lakini kilichotoka mikononi mwake kilikuwa bado hakijawa kisu. Kilikuwa kipande cheusi, kimenyooka kiasi, kina makovu ya nyundo na mikwaruzo ya tupa. Kutoka hapo kilihamia barazani kwa Mama, kikafungwa juu ya ubao kwa mipira ya baiskeli, na Mama akakisugua kwa msasa siku mbili, tatu, mpaka mwanga ukateleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Wanunuzi walimsifu Baba. Naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, alinyanyua kidevu kuelekea barazani na kusema, "Mwenye kisu ni yule pale."

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani siri iko kwenye msasa. Hununua msasa mzuri, akaukunja, akaushika kwa vidole, akasugua mpaka jasho likamtoka, kisha akashangaa kwa nini kisu chake kinaonekana kama barabara yenye makorongo. Mama alinieleza jambo hili mara nyingi, bila kuchoka wala kunifanya nijione mjinga, na mimi leo nawaeleza wengine kwa maneno yake yale yale. "Msasa hauna akili," alisema. "Ni karatasi yenye mchanga, basi. Unakwenda unakopelekwa. Mwenye akili ni mlezi." Mlezi ndilo jina alilokipa kile kitu kinachokaa nyuma ya msasa, kile unachouzungushia kabla ya kusugua. Sijalisikia jina hilo kwa fundi mwingine yeyote. Mama alisema msasa ni mtoto, na tabia ya mtoto utaijua ukimtazama aliyemshika.

Walezi wake walikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila mmoja alikuwa na jina. Mkubwa wao aliitwa Kahawa, kipande cha mti wa kahawa chenye urefu wa kidole cha kati, kigumu kama mfupa. Mama alikisawazisha kwa kukisugua juu ya msasa aliouweka kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu mlezi aliyepinda hawezi kunyoosha kitu. Kahawa ndiye aliyefanya kazi ya kwanza na ndefu kuliko zote. Kwa ugumu wake hakubonyea kuingia mashimoni. Alipita juu ya vilima vya chuma na kuvipunguza, akaviacha vibonde mpaka vilima vimeshuka vikalingana navyo. Pale ubavu wa kisu unapopinda kidogo, Kahawa angeacha alama bapa bapa kama muhogo uliochongwa, kwa hiyo hapo alimtoa Raba, aliyekuwa zamani kisigino cha kiatu. Kwenye kile kikona karibu na mpini, ambako hakuna ubao unaoingia, aliingia Mwanzi, kijiti cha mviringo. Na mwisho kabisa alikuja Ngozi, kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichobandikwa juu ya kibao, kwa ajili ya kulainisha tu. Ukimwita Ngozi mapema, alinionya, atakula kona zote na kisu kitaonekana kama pipi iliyonyonywa.

Kitu kimoja hakikuruhusiwa kabisa kuwa mlezi, nacho ni kidole. Kidole kina nyama laini na katikati yake kuna mfupa, hivyo kinasukuma pale kwenye ncha na kulegea pembeni. Huwezi kukiona kinavyoharibu. Unasugua, kisu kinang'aa, unafurahi, kumbe unachimba. Mama akinikuta nimeingiza kidole nyuma ya msasa alinigonga kiganja kidogo kwa Kahawa, akacheka na kusema, "Gwe Sekela! Nimekuzalia vidole ule navyo ugali, si kunichimbia visima."

Njia yake ya kuvisaka visima hivyo ilikuwa ya huku kwetu. Kila mwanamke wa Rungwe anajua ndizi mbichi inavyokifanya kisu. Ukimenya mkungu mmoja, utomvu unakifanya cheusi, na watu wa mbali wakiona huuliza kama kisu kimeungua. Mama aliigeuza adha hiyo kuwa kazi. Alikata ndizi mbichi, akaupaka utomvu wake kwenye ubavu wote wa kisu, akaacha mpaka ukawa mweusi kama masizi, kisha akapitisha msasa mara chache akiwa na Kahawa. Palipoinuka pakang'aa. Palipobonyea pakabaki peusi. "Sasa kimesema," alinong'ona, kana kwamba kisu kilikuwa mgonjwa aliyebembelezwa aseme panapomuuma.

Yeye mwenyewe hakusema. Tangu msimu wa kahawa uliotangulia tumbo lilikuwa linamsumbua, na sisi tulizoea kumwona akisimama katikati ya kazi, mkono mmoja umeshika ubavu, macho ameyafumba kama anayehesabu kitu. Nakumbuka siku tuliyokwenda sokoni Tukuyu kutafuta Raba mpya. Tulikwenda kwa mzee Athumani, fundi viatu, ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi tujisikie tunatafuna mawe.

"Mama Sekela," alisema alipotuona, "leo umeleta kiatu, au umekuja tena kunipukutishia visigino?"

"Nipe raba ngumu, mzee wangu. Ile ya juzi ilikuwa laini kama andazi."

"Raba ngumu ni ya viatu vya askari. Kwani wataka kusugua kisu au wataka kukamata wezi?"

"Nikimaliza kisu nitakamata na wezi. Nitaanzia hapa kwako."

Mzee Athumani alicheka mpaka akavua miwani. Kisha alipoivaa tena, akamtazama Mama vizuri, akaacha kucheka. Mama alikuwa ameshika meza yake kwa mikono miwili. Mzee yule akainuka kwenye kigoda chake, akakifuta kwa kitambaa, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kaa kwanza, mwanangu." Alimpa raba na hakutaka kitu. Mimi nilifurahia raba ya bure njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki ile tukaambiwa kwamba Mama atapelekwa hospitali Mbeya kufanyiwa upasuaji. Na wiki ile ile akamwomba Baba ampe kipande cha springi alichokuwa amekihifadhi juu ya dari, kizuri kuliko vyote, akasema kitakuwa kisu changu. Sikuwa na kisu changu kabla ya hapo. Nilimenyea ndizi kisu cha yeyote aliyekiacha karibu. Baba alikifua kwa siku moja, kifupi, chenye ncha iliyoshuka taratibu, kinachoukaa mkono wa mtoto na ambacho mkono wa mtu mzima pia ungekipenda. Mama akasema kusugua ni yeye, peke yake, na mimi nisikae karibu. Nikakaa mlangoni nikimchungulia. Alisugua kidogo, akapumzika sana. Mara nyingine alilaza kichwa ukutani na mkono ukaendelea kwenda, mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayemsugua mtoto mgongo ili alale. Nilitaka kisu kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilitaka kiwe safi kupita vyote alivyowahi kutengeneza, kwa sababu nilikuwa nimejipa imani ya kitoto ambayo sikumwambia mtu: kisu kikitoka bila kasoro, Mama atapona.

Alinikabidhi siku tatu kabla ya safari. Kiling'aa. Nilikibusu. Kisha, kwa kuwa alinifunza vizuri mno, nikaenda shambani, nikakata ndizi mbichi, nikakipaka utomvu pande zote mbili. Kilipokuwa cheusi nikapitisha Kahawa na msasa mara nne, tano. Chuma kikasema. Upande wa kulia, katikati ya ubavu, palibaki madoa matatu meusi yaliyopangana, ya urefu wa yai la mjusi, moja dogo kidogo kuliko mengine. Nikageuza. Upande wa pili nao, matatu.

Nilikimbia barazani nikipiga kelele za ushindi. "Mama! Umetumia kidole! Umetumia vidole vitatu!"

Mama alitazama kisu. Kisha akatazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, kama anauliza ni wa nani. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kugonga paja, ila safari hii paja hakuligonga. "Umenikamata, gwe," alisema. "Leo mwizi ni mimi."

"Kahawa alikuwa wapi?"

"Kahawa alikuwa mzito."

Kahawa alikuwa na uzito wa andazi. Ningeweza kumrusha juu na kumdaka kwa vidole viwili. Nilisikia jibu lile kwa masikio yangu yote mawili, nikaliona la kuchekesha, nikacheka. Sasa najua kwamba kumshika mlezi mgumu kunataka kuminya muda wote, bila kulegeza, na kwamba mkono ukiishiwa nguvu za kuminya, kitu pekee kinachoweza kubaki juu ya msasa ni vidole vilivyolala tu. Wakati ule sikujua. Nilijua kwamba kisu changu kina kasoro sita, na kwamba siku zimebaki tatu.

"Haya," akasema Mama, "upande mmoja utengeneze wewe, nione ulichojifunza." Akaketi kwenye mkeka, blanketi mabegani, akanitazama mchana mzima. Nilichagua Kahawa bila kuambiwa, nikazungushia msasa mkavu, nikaubana vizuri usije ukacheza. Nilisugua kwa mshazari, nikabadilisha nikasugua kwa mshazari mwingine, ili mikwaruzo ikatizane na nione nilipofika. Madoa yakapungua kutoka ukingoni kuingia ndani, kama dimbwi linalokauka juani. Lile dogo likaenda kwanza. Yalipokwisha yote, nikabadilisha msasa, nikasugua kwa mkondo mmoja kutoka mpini hadi nchani, nikamalizia na Ngozi. Mama alikichukua, akakielekeza kwenye mwanga mdogo uliokuwapo, akapitisha kidole gumba ubavuni kote. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, kwa lugha ya nyumbani, ambayo aliitumia akiwa hana mzaha. "Umenipita."

Nikageuza kisu nianze upande wa pili. Akaweka mkono juu yake.

"Huu niachie."

"Lakini una madoa, Mama."

"Najua. Niachie tu."

Nilidhani amechoka na anataka aumalizie mwenyewe akirudi. Sikuuliza tena. Asubuhi ya safari Baba alimshika mkono mpaka barabarani, mimi nikabeba mkoba, na shangazi, dada yake Baba aliyekuja kutoka Lupepo kukaa nami, akabeba chupa ya uji. Mama alipoketi ndani ya basi, Baba pembeni yake, dirisha lilikuwa na ukungu, akalifuta kwa kiganja ili anione. Basi lilipoondoka alikuwa bado analifuta.

Siku ya pili nikauanza upande ule. Nataka niseme ukweli, sikuuanza kwa ukaidi. Niliwaza atarudi na kidonda tumboni, na kazi ya kwanza itakayomngoja iwe kunimalizia kisu? Nilitaka akifika tu nimwekee kisu mkononi, akigeuze, aone pande zote mbili zimenyooka, na asidaiwe kazi na chuma. Shangazi alikuwa jikoni akiimba nyimbo za kanisani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipaka utomvu, madoa matatu yakatokea tena, wazi kabisa: kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Niliyasugua siku mbili. Sikuwahi kufanya kazi safi kama ile. Nikakifunga kisu kwenye kitenge cha Mama cha bluu, nikakiweka juu ya mto wake.

Mama alirudi siku ya sita, nyuma ya gari dogo la mizigo, na Baba ameketi pembeni yake, suruali imelowa mpaka magotini.

Kwetu msiba hupikiwa ndizi. Wanawake wa kijiji kizima na wa Mpuguso alikozaliwa Mama walikuja na mikungu vichwani, wakaketi uani chini ya maturubai, wakaanza kumenya. Nilikichukua kisu kile kwenye mto, nikaenda nikaketi katikati yao, nikamenya. Hakuna aliyenizuia. Nilimenya mpaka vidole vikawa vyeusi, na kisu kikawa cheusi. Baba akapita, akakiona, akasimama. Akanyoosha mkono, nikampa. Alikifuta ubavu kwa kona ya koti lake, akakielekeza juu kwenye mwanga, akakigeuza, akakifuta tena. Alikuwa anatafuta kitu. Alitafuta muda mrefu mpaka wanawake wakaacha kumenya mmoja mmoja.

"Vidole viko wapi?" akaniuliza.

"Nimevitoa, Baba. Nimekinyoosha."

Baba alikuwa mtu mzuri na sitaki msomaji amlaumu. Alikuwa hajalala siku sita. "Alisema amekuachia vidole vyake," akasema. "Kule hospitali. Alisema, 'Sekela nimemwachia vidole vyangu kwenye kisu.'" Halafu akauona uso wangu, akajua amesema kitu ambacho hakirudi mdomoni. Akachuchumaa mbele yangu kwenye maganda yale, akashika mikono yangu miwili na kisu kikiwa ndani. "Umefanya kazi nzuri," akasema. "Kimenyooka sana, mwanangu. Kimenyooka sana."

Miaka imepita mingi. Nina karakana yangu mjini sasa, ina mashine ya umeme inayokula kwa dakika tano kilichomla Mama siku nzima, na walezi wa kila namna, wa raba ya kiwandani, wa chuma kilichosawazishwa, wanaoagizwa kwa simu na kufika kwa basi. Ni wazuri. Sioni sababu ya kusifia shida za zamani. Mama angelikuwa na mashine ile angeipenda. Lakini kazi ya mwisho bado naifanya kwa mkono, na bado natumia Kahawa, ambaye amepungua mpaka amekuwa kama kiberiti. Kisu changu kipo. Namenyea ndizi kila wiki. Kinakuwa cheusi sawasawa, kutoka mpini hadi ncha, bila doa lililozidi jingine, na nikikifuta kinatoka cheupe sawasawa. Mara moja, nilipokuwa msichana mkubwa, nilijaribu kuvirudisha. Nililaza vidole vyangu vitatu juu ya msasa nikasugua upande ule mpaka vibonde vikatokea. Nikapaka utomvu, nikatazama. Vilikuwa vidole vyangu. Nikamchukua Kahawa nikavifuta siku hiyo hiyo.

Wanaojifunza kwangu ni wanawake watu wazima, wengi wana watoto. Juzi mmoja wao, Lugano, aliniletea kisu alichokuwa ameking'arisha nyumbani kwake wikiendi nzima. Nilimwonyesha ndizi na utomvu. Akapaka, akangoja, akapitisha msasa, na madoa yakajitokeza ubavuni, manne, yamejipanga. Akaona haya. Akaanza kutafuta mlezi kwenye kopo, akaniuliza kama aanze na raba au na mti. Nikamshika mkono kabla hajagusa chuma.

"Kwanza niambie," nikasema. "Hivi ni vidole vya nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si vyangu, fundi? Nilikuwa peke yangu."

"Una hakika?"

"Vyangu kabisa."

"Haya," nikamwambia, nikamwekea Kahawa kiganjani. "Kama ni vyako, vifute."